Kabla hujatia gitaa la roki kwenye rapu yako

Vijana wanaoingia studio hapa Nairobi huja na ombi moja ambalo nalipenda sana: "Produsa, hii tunataka iwe na gitaa, yale ya roki." Nalipenda kwa sababu hip hop na roki zikikutana vizuri hutoa nyimbo kubwa, na kwa sababu jiji hili lina wapiga gitaa hodari wanaotafuta kazi. Lakini kwa miaka ambayo nimekaa kwenye meza ya kuchanganya sauti nimeona nyimbo nyingi za aina hii zikifa mapema, na karibu zote zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Gitaa liliingia kwanza, dramu zikafuata, rapa akatafutiwa nafasi mwishoni. Wewe unayeanza, geuza mpangilio huo. Wimbo usimame kwa dramu na sauti yako tu, watu watikise vichwa, ndipo umpigie simu mpiga gitaa.

Waliotangulia walifika huko kwa njia hiyo hiyo. Run-DMC, kundi la rapu la vijana wa Hollis kule Queens, New York, walitoa "Rock Box" mwaka 1984. Gitaa ni la Eddie Martinez, na linanguruma kweli kweli. Video ya wimbo huo ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ya rapu kuonyeshwa MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani. Sasa usikilize kwa makini huku ukijaribu kulisahau gitaa: chini yake kuna mashine ya dramu inayogonga bila huruma, na sauti mbili zinazopokezana maneno. Hata ukilitoa gitaa, wimbo unabaki.

Miaka miwili baadaye wakaja na "Walk This Way", wimbo wa Aerosmith, bendi ya roki ya Marekani, wa mwaka 1975. Madijei wa New York walikuwa wakiupiga kwenye sherehe za mitaani zamani, lakini walichokitaka ni zile sekunde za mwanzo tu, dramu tupu. Walizirudia na kuzirudia ili marapa waghani juu yake, na kabla mwimbaji hajafungua mdomo sahani imesharudishwa nyuma. Produsa Rick Rubin aliposema waurekodi wimbo mzima na maneno yake, Run na DMC hawakufurahi hata kidogo. Maneno yale hawakuyapenda. Walishawishiwa, Steven Tyler na Joe Perry wa Aerosmith wakaja studio, na mwaka 1986 wimbo ukapanda hadi nafasi ya 4 kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo 100 zinazovuma Marekani. Aerosmith wenyewe, na wimbo huo huo, walikuwa wameishia nafasi ya 10. Hakuna wimbo wa rapu uliokuwa umefika juu kiasi hicho kabla ya hapo, na bendi ya Aerosmith, iliyokuwa imeshuka, ikainuka tena. Ukitaka kujua kwa nini muungano ule haukuonekana wa kulazimishwa, rudi kwenye zile dramu. Hip hop ilishauzoea wimbo huo kwa miaka, kupitia mlango wake yenyewe.

Tuje kwenye kazi ya mezani, maana hapa ndipo wengi mnapotea. Gitaa lenye mlio wa kukwaruza hujaza eneo la kati la sauti, tuseme hezi 300 hadi hezi 3,000 (hezi ni kipimo cha mitetemo ya sauti kwa sekunde; chache ni sauti nzito, nyingi ni sauti nyembamba). Sauti ya binadamu inakaa papo hapo. Ukiviachia vyote viwili bila mpango, herufi zako zinamezwa, na rapa asiyesikika herufi zake hana kazi.

Nikupe mfano wa kijana mmoja wa Kayole. Alikuwa na mistari mizuri kuhusu mama anayeuza mboga kwa mwanga wa mshumaa stima ikipotea, na neno "mshumaa" ndilo lililobeba kina cha mistari minne. Gitaa lilipoingia, neno hilo likapotea kabisa. Hatukuongeza sauti yake. Mpiga gitaa alirekodi kipande chake mara mbili, kimoja tukakisukuma kushoto, kingine kulia, katikati tukamwachia rapa. Tukakata kila kitu cha gitaa kilicho chini ya hezi 120 ili besi ipumue. Kisha nikamwomba mpiga gitaa alaze kiganja juu ya nyuzi, karibu na daraja (kile kipande kinachozishikilia kwenye mwili wa gitaa), wakati wote wa mistari, aziachie wazi kwenye kiitikio pekee. "Mshumaa" ukarudi, na kiitikio kikawa kama mlango uliofunguliwa ghafla. Kipimo cha sauti hakikuguswa.

Sikiliza pia "99 Problems" ya Jay-Z, kutoka albamu yake ya mwaka 2003, kazi ya Rick Rubin tena. Gitaa pale linaingia kwa vipande vifupi, linakatwa, linanyamaza. Jay-Z anasimama kwenye zile nafasi tupu. Ningekuwa na mamlaka, kila produsa mchanga angeusikiliza wimbo huo kwa spika mbovu na nzuri kabla hajagusa kompyuta.

Jambo dogo lakini linasumbua: pima mlio wa nyuzi za gitaa, uzirekebishe, kila baada ya kurekodi kipande. Besi ya kompyuta haibadiliki, nyuzi hubadilika, na zikitofautiana kidogo tu wimbo mzima unasikika kama una homa.

Halafu upeleke wimbo kwenye matatu. Nasema hili kwa dhati. Spika za studio zinakupenda. Za matatu ya Rongai au Umoja hazikujui. Wufa iko chini ya viti vya nyuma, spika ndogo za juu zinachoma masikio, injini inanguruma, konda anapiga kelele za mjini mjini. Mwombe dereva unayemfahamu auweke wimbo wako katikati ya nyimbo nyingine, bila kumwambia mtu. Konda akinyoosha mkono kupunguza sauti gitaa linapoingia, una mlio mwingi kwenye zile sauti za juu zinazochoma, rudi uzipunguze. Abiria wakiendelea na simu zao huku mguu mmoja unapiga sakafu, uko pazuri. Gitaa lenyewe haliwatishi watu wetu. Benga imejengwa juu ya gitaa, na wazee wetu wamecheza nalo tangu zamani. Kinachowachosha ni kelele isiyo na dansi ndani yake.

Kuhusu sauti yako: gitaa la roki lisikufanye ubadilishe koo. Nimeona marapa wa Kiswahili safi au Sheng tamu wakianza kupayuka kwa lafudhi ya Kimarekani mara tu waliposikia gitaa likikwaruza. Kalamashaka, kundi la rapu la Dandora, miaka ya tisini ikielekea mwisho, walighani maisha ya ghetto kwa lugha ya mtaani, na hasira yao ilisikika hata waliposema kwa utulivu. Kiswahili kina irabu mwishoni mwa maneno, kwa hiyo vina vinakuja vyenyewe na vinabebeka juu ya mdundo mzito. Itumie faida hiyo.

Ukitaka kutumia kipande cha wimbo wa roki wa mtu mwingine, kumbuka kuna haki mbili: ya mtunzi, na ya mwenye rekodi. Ukikipiga upya na gitaa lako umeondoa ya pili tu, ya mtunzi bado ipo. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo pa kuuliza kabla wimbo haujatoka.

Sasa mapokezi, ambayo ndiyo huwavunja moyo wengi. Nairobi ina mashabiki wa roki, si wengi ila ni waaminifu. Walikuwa na X FM, redio ya roki, ilipokuwa hewani, na wana bendi kama Parking Lot Grass zilizowaonyesha kwamba roki inakubali Kiswahili. Mashabiki wa hip hop ni wengi zaidi, na wa Eastlands wanaulinda muziki wao vikali. Wiki ya kwanza pande zote mbili zinaweza kukukataa: hawa watasema umeacha mtaa, wale watasema wewe ni mgeni. Usijibu yeyote. Soma sababu zao. Anayesema "gitaa kali lakini sisikii anachosema" amekurudisha kwenye meza. Anayesema "huyu simjui tena" amekurudisha kwenye mistari yako, na huyo msikilize zaidi.

Wala wiki ya kwanza nzuri isikulevye. Rapa wa Marekani Lil Wayne alitoa "Prom Queen" mwanzoni mwa 2009, akiwa kileleni kabisa. Ni wimbo wa roki ambao ndani yake aliimba kwa Auto-Tune, programu inayonyoosha sauti ya mwimbaji, badala ya kurapu. Jina lake liliusukuma ukaingia kwenye 20 bora za Hot 100. Albamu yake, Rebirth, ikaahirishwa na kuahirishwa hadi Februari 2010, na wachambuzi wengi wakaiponda. Wimbo wa albamu hiyo ambao watu bado wanaurudia ni "Drop the World", akiwa na Eminem, na humo wanaume wawili wanarapu kwa nguvu zao zote.

Wakikuita jukwaani na bajeti ni ndogo, usiende na kompyuta ukimwigiza mpiga gitaa asiyekuwepo. Mlipe mpiga dramu kwanza, ufanye naye mazoezi mpaka mnapumua pamoja. Pesa ikibaki, mwite wa gitaa.