Kabla hujakimbilia dawa ya kuku, tazama ndara zako

Mwaka juzi nilizika kuku 23 kwa siku nne. Nakaa Malindi, upande wa kwenda Sabaki, na pale mto unapomwagika baharini ndege wa kuhama hujaa msimu wao ukifika, wengine wametoka Ulaya huko. Mie nilikuwa napita pale mchangani na ndara zangu, narudi nyumbani, naingia bandani vile vile, wala sina habari.

Walipoanza kuanguka nikakimbilia agroveti, nikauziwa antibayotiki, pesa zikaisha na kuku wakaisha. Afisa mifugo alipokuja akasema ni kideri, ugonjwa wa kirusi kingine, siyo mafua ya ndege, ila kwa maisha haya mafua nayo yakija yatakuta mlango wazi. Huo mlango ndo ulionifanya nianze kuulizauliza.

Sasa skiza. Kirusi cha mafua kina miiba nje, inaitwa himaglutinini, ndo hiyo H ya H5N1, aina moja ya mafua ya ndege. Seli za kuku nazo zina asidi ya siali juu yake, aina ya sukari hivi, mwiba ukiinasa basi seli yenyewe inakimeza kirusi ndani ya kifuko. Kifuko kikizidi uchachu mwiba unajikunjua, ganda la kirusi linaungana na ukuta wa kifuko, na vile vipande 8 vya jeni vinatoka kwenda kwenye kiini cha seli. Antibayotiki ni ya bakteria, hapo haina pa kushika, we unamwaga pesa tu.

Lakini kilichonitisha ni huu mkato. Mwiba lazima kwanza ukatwe na kimeng'enya, protini ya mwilini inayokata kama mkasi, ndo ufanye kazi. Aina zisizo kali hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo tu, kuku akakoroma kidogo, mayai yakapungua, akapona. Zile kali zinakatwa na kimeng'enya kingine, furini, na furini iko karibu kila pahali mwilini, manake ubongo, moyo, vyote vinaingiliwa, ndo unaamka asubuhi banda zima kimya.

Shangazi akaniuliza, na sisi je? Siali zetu za puani na kooni nyingi zimeungwa kwa namna nyingine, kirusi cha ndege hakizishiki vizuri, za namna ya kuku tunazo zaidi kule ndani mapafuni. Kufika huko si rahisi ila kikifika ni balaa, Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18 wakafa 6. Kwa hivo kuku mgonjwa usimchinje "asiharibike", na usimuuze, mwite afisa.

Kirusi hutoka na mavi, na mavi hukaa kwenye mifereji ya soli. Baada ya wale kuku kufa, mie nikawa nachovya ndara kwenye maji ya klorini na uchafu wake, kazi bure, uchafu unaimaliza nguvu klorini. Sugua kwanza kwa brashi na sabuni, ganda la kirusi ni la mafuta, sabuni inalivunja, ndo uchovye. Bata watenge, wanaweza kukibeba na wako wazima kabisa. Na maji ya kunywa yafunike, ndege wa porini wasinyee.

Saa hizi mlangoni pa banda pana ndara za bluu, nimezifunga kamba zisitoke. Juzi shangazi kaja na zake za sokoni, nikamwambia shangazi vua. Kanuna, kavua.