Holi yangu inachanua kila mwaka, mbona haizai?

Swali: Miaka minne iliyopita nilipanda vichaka vitatu vya holi inayopukutisha majani (Ilex verticillata), vyote aina ya 'Winter Red', nikitamani beri nyekundu za majira ya baridi. Vimestawi na vinachanua, lakini sijaona hata beri moja. Je, niongeze mbolea?

Jibu: Mbolea iache kwanza. Kwa maelezo yako, vichaka vyako havina njaa, vimekosa dume.

Holi hii ina miti dume na miti jike, kama ilivyo kwa mpapai. Jike ndiye anayezaa, ila lazima nyuki wamletee chavua kutoka kwa dume. Sasa, 'Winter Red' ni jike, na kila mche wa jina hilo umetokana na vipandikizi vya mmea uleule mmoja. Ukipanda mitatu au thelathini, bado ni majike matupu. Wauza miche wengi hawalisemi hili, na mteja huishia kujilaumu bure.

Hakikisha mwenyewe msimu wa maua ukifika. Chukua ua, ulitazame kwa karibu: la jike lina kifundo cha kijani katikati, ambacho ndicho tunda changa. La dume halina kifundo hicho, lina vumbi la njano kwenye ncha za stameni (vijiti vyembamba vinavyobeba chavua), na maua yake husongamana zaidi.

Ukishathibitisha, tafuta dume, lakini si dume lolote. Aina nyingine huwahi kuchanua na nyingine huchelewa, na dume aliyemaliza maua kabla ya jike kuanza hana msaada. 'Winter Red' huchelewa, kwa hiyo mwafaka wake ni 'Southern Gentleman'. 'Jim Dandy' huwahi, yeye anawafaa majike wanaowahi, akina 'Red Sprite'. Dume mmoja anatosha majike yako yote matatu, na si lazima awe mbele ya nyumba. Mpande hata nyuma ya banda, mradi asizidi mita 15 hivi kutoka walipo.

Wakati mche dume ukikua, kama kuna jirani mwenye dume, omba matawi machache yaliyochanua, uyatie kwenye ndoo ya maji katikati ya vichaka vyako. Nyuki watamaliza kazi.

Jambo la pili ni maji. Kwao, mashariki mwa Amerika Kaskazini, mmea huu huota kwenye vinamasi, hivyo udongo ukikauka wakati wa maua au baada tu ya beri kutunga, beri changa hupukutika. Weka matandazo. Udongo uwe na tindikali. Wenye chokaa nyingi huyafanya majani yawe ya njano huku mishipa ikibaki kijani.

Pogoa mwishoni mwa baridi, kabla machipukizi hayajaanza, ukikata mashina machache yaliyozeeka usawa wa ardhi. Na watoto wasile beri hizo, zinaumiza tumbo. Waachieni ndege.