Barua kwa mwanangu: Lincoln na kesi ya Jane Bryant

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza kama ni kweli kwamba Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyetangaza uhuru wa watumwa, niliyekusimulia habari zake tangu utotoni, aliwahi kusimama mahakamani upande wa mwenye watumwa. Ni kweli, na nakuomba radhi kwamba hukulisikia kwangu kwanza.

Nilikusimulia habari za kijana aliyezaliwa Kentucky mwaka 1809, ambaye masomo yake yote ya shuleni hayakutimiza mwaka mmoja, akajifunza sheria kwa vitabu vya kuazima na kuanza uwakili Springfield, Illinois, mwaka 1837, akiwa tayari mjumbe wa bunge la jimbo. Nchi ilikuwa ya walowezi, miji midogo na ya mbalimbali, hivyo majaji na mawakili walisafiri pamoja kutoka wilaya hadi wilaya, wakigawana vitanda katika nyumba za wageni. Kofia yake ndefu aliyotia ndani barua na karatasi za kesi uliipenda sana.

Niliyoyaacha ni haya. Robert Matson wa Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa, alikuwa na shamba katika wilaya ya Coles, Illinois, jimbo lililokataza utumwa. Alileta watumwa walilime, kisha akawarudisha Kentucky, ili wasihesabiwe kuwa wakazi wa Illinois na hivyo kuwa huru. Jane Bryant, hata hivyo, alikaa pale tangu 1845. Alipotishiwa kuuzwa kusini pamoja na watoto wake wanne, alikimbilia kwa majirani waliouchukia utumwa. Matson akamdai Jane na watoto kisheria, na mama yule na wanawe wakafungiwa katika jela ya Charleston, makao makuu ya wilaya hiyo, wiki nyingi, bila kosa lolote.

Kesi ilisikilizwa Oktoba 1847. Lincoln, aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa mbunge wa Marekani na amebakiza wiki chache kwenda Washington, alimsimamia Matson, akidai kwamba Jane aliletwa kwa muda tu. Majaji walimkatalia. Jane na wanawe wakawa huru, na baadaye wakahamia Liberia.

Umeandika kwamba kila mteja anastahili wakili. Sikatai, lakini Matson hakuwa mshtakiwa anayeogopa kufungwa. Aliyekuwa hatarini ni Jane. Tena mwaka 1841, katika kesi ya Bailey na Cromwell, Lincoln huyo huyo aliishawishi Mahakama ya Juu ya Illinois ikubali kwamba mtu huhesabiwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, ndipo uuzaji wa mwanamke aitwaye Nance ukabatilishwa. Hoja ya kumwokoa Jane alikuwa nayo mkononi. Hata Hiram Rutherford, daktari aliyemsaidia Jane na kushtakiwa na Matson kwa ajili hiyo, alimwomba Lincoln awe wakili wake, akajibiwa kwamba amekwisha kujifunga na Matson. Kwa masimulizi ya daktari mwenyewe, baadaye Lincoln alimpelekea habari kwamba angeweza kujitoa, lakini daktari alikuwa amekasirika, akamchukua wakili mwingine.

Kwa hiyo simtetei. Alikosea, na kosa lile lingeweza kuwarudisha watoto wanne utumwani. Mwaka 1864, akiwa rais, aliandika kwamba hakumbuki wakati ambao hakuuona utumwa kuwa uovu. Namwamini, na kwa kuwa namwamini, kesi ya Charleston inaniuma zaidi kuliko kama angekuwa amebadilika moyo baadaye.

Ni mimi,
Baba yako