Wasomaji wanauliza: permi ya kamyo ng'ambo, na freni za hewa

SWALI: Salamu kwenu. Mimi ni shofa wa remorki, miaka 6 sasa kati ya Kolwezi na Kasumbalesa. Yaya yangu wa Toronto anasema nikifika kule permi yangu ya Kongo haitanisaidia kitu, nitarudi shuleni kama mtoto. Ni kweli? (Shofa wa Katuba)

JIBU: Yaya hakudanganyi, ila amekuza kidogo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, ndiko iliko Toronto, tangu tarehe 1 Julai 2017, anayetaka permi ya daraja A, yaani kichwa na remorki nzito, haruhusiwi kufanya mtihani wa barabarani kabla ya kumaliza mafunzo ya saa zisizopungua 103 na nusu. Zimegawanywa hivi: 36 na nusu darasani, 17 uani kwa ukaguzi na kazi za kuzunguka gari, 50 ndani ya kamyo. Miaka yako ya Kasumbalesa haikuondolei mafunzo hayo.

Kabla ya hapo utahitaji permi kamili ya gari dogo, daraja G. Kongo haimo kati ya nchi ambazo Ontario hubadilishana nazo permi, kwa hiyo kuna mtihani wa maandishi na wa barabarani. Hapo ndipo miaka yako inaweza kukufupishia muda wa kungoja, mradi iwe na uthibitisho. Omba barua kwa ofisi iliyokupa permi, yenye madaraja yako na tarehe ya kwanza uliyoipata, na uiombe ukiwa ungali Lubumbashi. Kuifuatilia kwa simu kutoka Toronto ni mateso.

Saa hubadilika kwa jimbo. Saskatchewan iliweka saa 121 na nusu mwezi wa Machi 2019, mwaka mmoja hivi baada ya kamyo kupita alama ya kusimama na kugongana na basi la wachezaji wa timu ya Humboldt. Watu 16 walikufa.

SWALI: Wanapimaje freni za hewa huko? Sisi tunasikiliza tu kama kuna mahali panapiga "psss". (Msomaji wa Ruashi)

JIBU: Sikio hukamata tundu kubwa tu. Weka gari mahali tambarare na utie kabari kwenye magurudumu, maana freni ya kuegesha itaachiwa. Usipotia kabari, umeshaanguka mtihani kabla hujagusa pedali.

Jaza hewa mpaka kompresa ijikate, kwa kawaida kati ya psi 120 na 135, ambayo ni bar 8 hadi 9 na kidogo kwenye geji zetu. Zima injini, achia freni za kuegesha za kichwa na za remorki, kanyaga pedali hadi mwisho na uishikilie. Mshale utashuka mara moja. Huko si kuvuja, ni hewa inayoingia kwenye vyumba vya freni. Subiri utulie ndipo uhesabu dakika moja. Kichwa peke yake kisipoteze zaidi ya psi 3. Kikiwa na remorki moja, psi 4. Kwa bar hiyo ni kama 0.3, karibu upana wa mshale wenyewe, kwa hiyo soma geji ukiwa mbele yake, si kwa pembeni.

Kisha fungua kontakti bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mara nyingi ili hewa ipungue. Taa au kengele ya onyo iamke kabla hewa haijashuka chini ya psi 55 (bar 3.8). Isipoamka, gari halitoki.

Linabaki la chini ya gari, na ndilo ambalo garaji zetu hulikosea. Hewa ikiwa psi 90 hadi 100, freni ya kuegesha imeachiwa, piga alama ya chaki kwenye fimbo inayotoka kwenye chumba cha freni. Mwenzako akanyage hadi mwisho, nawe upime alama imesogea kiasi gani. Kwa chumba cha aina ya 30 cha kawaida, mwisho ni inchi 2, yaani milimita 51. Ikiwa mkono wa kurekebishia ni ule unaojikaza wenyewe na fimbo imepita kipimo, usichukue ufunguo ukaukaza. Kuna kitu kimekwisha: bushi, shafti ya S au mkono wenyewe. Ukikaza, kipimo kitapendeza leo, halafu siku chache baadaye freni zimerudi palepale, remorki imejaa shaba.

SWALI: Nijifunze kwa kamyo otomatiki ili nimalize upesi? (Shofa wa Kampemba)

JIBU: Hapana, kama umezoea gia za mkono. Ontario, tangu Julai 2022, ukifanya mtihani wa daraja A kwa otomatiki permi yako inafungwa kwenye otomatiki.

SWALI: Na Marekani ni saa ngapi? (Mama wa shofa, komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mama, sheria ya taifa kule, iliyoanza tarehe 7 Februari 2022, haikuweka idadi ya saa. Mwanafunzi apate angalau asilimia 80 kwenye nadharia, kisha mwalimu aridhike na uendeshaji wake uani na barabarani. Shofa lazima pia asome na kuongea Kiingereza cha kutosha. Kifaransa chetu hakitambeba. Mwambie mwanao atazame kama shule imo kwenye daftari la serikali kuu kabla hajalipa hata dola 1, kwa sababu shule isiyoandikwa humo haiwezi kupeleka jina lake, na bila jina hilo hakuna mtihani wa barabarani.