Taa kwa Majengo ya Kale: Mliyouliza

Swali: Tumemaliza kukarabati jengo la mawe. Fundi anataka kufunga taa nyeupe kali mbele yake ili lionekane kutoka mbali. Ni sawa?

Jibu: Hapana. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: mshumaa ni kama 1,900, taa ya njano ya nyumbani 2,700, nyeupe ya ofisini 4,000 na zaidi. Jiwe na chokaa vikimulikwa kwa 5,000 hupauka kama uso wa mgonjwa. Chagua 2,700 hadi 3,000. Na kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili usiku. Laza tochi chini, karibu kabisa na ukuta, uimulike kwenda juu. Kila alama ya patasi ya mwashi itajitokeza na kivuli chake. Sasa rudi nyuma hatua kumi, uelekeze tochi hiyo hiyo ukutani moja kwa moja: alama zimetoweka, ukuta umekuwa bapa kama karatasi. Ndiyo maana napenda taa ndogo chache za karibu kuliko moja kubwa ya mbali. Kazi ya yule mwashi ndiyo mliyohangaika kuiokoa. Msiifute kwa mwanga.

Swali: Ukuta wetu una lipu yenye viraka. Mwanga wa karibu hautauumbua?

Jibu: Utauumbua, tena vibaya. Hapo sogeza taa mbali kidogo na ukuta, na uipunguze nguvu.

Swali: Tutoboe wapi ili kufunga taa?

Jibu: Kwenye kiungo cha chokaa kati ya mawe, kamwe si kwenye jiwe lenyewe. Kiungo huzibwa upya; jiwe haliponi. Skrubu ziwe za chuma cha pua, kwani chuma cha kawaida kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe.

Swali: Ndani tuna vitambaa vya kale. Taa za LED ni salama kwavyo, hata zikiwaka kutwa?

Jibu: Nyingi hutoa kidogo sana mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, lakini hata mwanga tunaouona hufifisha rangi, na madhara hujumlishwa: muda wa saa 10 kwa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) ni sawa na saa 5 kwa luksi 100. Kwa vitambaa, makumbusho mengi hayavuki luksi 50. Fungeni kihisio, taa iwake mgeni anapoingia tu.

Swali: Na popo walioko darini?

Jibu: Usimulike tundu wanalotokea. Likiwa na mwanga huchelewa kutoka, na wadudu wengi wanaowala huruka mara tu jua linapozama, hivyo huwakosa.