Tumeacha kuni, mbona hesabu ya hewa ukaa imepanda?

SWALI

Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni afisa miliki katika chuo kimoja hapa Dodoma. Tuna wanafunzi wapatao 4,000, na kati yao 1,800 wanaishi hosteli na kula bwaloni. Zamani jiko letu lilikuwa linachoma kuni kama tani 7 kwa wiki. Baada ya agizo la serikali la kuacha kuni na mkaa tukahamia kwenye gesi ya mitungi, na sasa tunatumia kama kilo 700 kwa wiki. Uongozi umeniagiza niandae hesabu ya gesijoto ya chuo. Nimefuata GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesijoto za taasisi, lakini jibu limenishangaza: jikoni tunaonekana tunachafua hewa zaidi sasa kuliko enzi za kuni. Nimekosea wapi? La pili, Baraza la Chuo limetenga fedha za kuanzia, si nyingi. Wapo wanaotaka paneli za sola kwenye paa la jengo la utawala, na wapo wanaotaka tupande miti 10,000 ili tufidie hewa ukaa tunayotoa. Tuanze na lipi?

JIBU

Ndugu afisa miliki, hujakosea. Hesabu yako ni sahihi kwa kanuni ulizofuata. Tatizo ni kwamba kanuni hizo zinaziweka kuni pembeni, na anayesoma jumla peke yake hatajua.

Mwongozo unataka hewa ukaa inayotoka kwenye kuni iandikwe kivyake, nje ya wigo wa kwanza (kinachoungua au kuvuja kwenye vifaa vyenu), wa pili (umeme mnaonunua) na wa tatu (kinachotolewa na wengine kwa ajili yenu), kwa hoja kwamba mti mwingine ukiota utaivuta tena hewa hiyo. Kinachobaki ndani ya wigo wa kwanza ni methani na naitrasi oksaidi, gesijoto nyingine mbili zinazotoka kuni zinapoungua. Gesi ya mitungi ni nishati ya kisukuku, kwa hiyo hewa ukaa yake yote inaingia kwenye jumla.

Nimeziweka namba zako kwenye viwango vya IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi. Tani 7 za kuni zinatoa methani na naitrasi oksaidi sawa na tani 1 hivi ya hewa ukaa kwa wiki. Kilo 700 za gesi, kwa kilo 3 za hewa ukaa kwa kila kilo ya gesi, zinatoa tani 2.1. Ndiyo maana karatasi yako inaonyesha mmepanda zaidi ya mara mbili. Lakini kuni zilezile zilikuwa zinatoa tani 12 nyingine za hewa ukaa ambazo zimeandikwa pembeni. Swali la kweli ni hili: je, miti ile imeota tena?

Sasa fanya hesabu ndogo. Ikiwa sehemu moja tu kati ya kumi ya kuni zenu ilitoka kwenye miti ambayo haikurudi, basi tani 1.2 zinarudi kwenye jumla, na tayari gesi imeshinda. Ikiwa ni robo, kuni zinafika tani 4 dhidi ya 2.1 za gesi. Hapa kwetu mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mgunga unaokatwa karibu na ardhi, kisha mbuzi wakala machipukizi yake kila kiangazi, haurudi kwa miaka mitatu wala mitano. Mimi sioni namna ya kutetea kwamba sehemu tisa kati ya kumi za kuni zilizokuwa zikiingia Dodoma kwa malori zilikuwa zinaota upya. Kwa hiyo kwenye ripoti weka mistari yote miwili, wa gesi na wa kuni, na sentensi mbili za maelezo chini yake. Usiufiche mstari wa kuni kwa sababu tu hauingii kwenye jumla. Na ongeza jambo ambalo kanuni hizo hazilipimi kabisa: wapishi wenu hawavuti tena ule moshi. Hilo peke yake lingetosha kuhalalisha uamuzi.

Agizo lenyewe la mwaka 2023, kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, lilihusu kuni na mkaa. Halikusema kwamba gesi ndiyo mwisho wa safari. Hatua inayofuata jikoni ni umeme, na pa kuanzia ni maharage na makande. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa kwenye sufuria kubwa ya presha ya umeme yanatumia nishati kidogo sana kuliko yanayotokota saa tatu kwenye sufuria isiyo na mfuniko. Ugali wa watu 1,800 uacheni kwenye gesi kwa sasa, maana anayesonga anahitaji moto mkubwa anaoweza kuupandisha na kuushusha papo hapo. Gesi ibaki pia kuwa akiba siku umeme unapokatika. Angalizo moja: wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti tu, wanalipia pia kilele cha matumizi cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko yote waliouvuta kwa wakati mmoja, unaopimwa kwa kVA. Mkiwasha sufuria zote saa nne asubuhi, wakati viyoyozi vya ofisi vimeshaanza kunguruma, mtakipandisha kilele hicho kwa mwezi mzima. Maharage yaanze saa kumi na moja alfajiri.

Na kama bwalo linaendeshwa na mzabuni anayejinunulia nishati, mhesabuni vilevile. Vyuo vingine humwondoa kwa kusema gesi ni ya mzabuni. Wanafunzi ni wenu na chakula ni chao. Mwekeni wigo wa tatu, na kwenye mkataba mpya aandikiwe kwamba atawasilisha kilo za gesi kila mwezi.

Kuhusu umeme, kuna mtego ninaoutaja mapema. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme gridini Februari 2024. Umeme wa maji ulivyoongezeka, hewa ukaa kwa kila uniti ya gridi imepungua. Maana yake wigo wenu wa pili unaweza kushuka bila chuo kuzima hata taa moja. Ukiripoti tani peke yake, mtapongezana kwa kazi iliyofanyika Rufiji. Ripoti uniti na tani pamoja, jengo kwa jengo. Bila mita kwenye kila jengo hamtajua kama maabara, hosteli au pampu ndiyo inayokula, na mtabaki kubishana kwenye vikao.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye mita na mabomba. Paneli zifuate. Miti ipandwe, lakini isiingie kwenye hesabu kabisa.

Nianze na maji, kwa sababu Dodoma maji ni umeme. Yanavutwa kutoka chini, yanasukumwa mlimani, na kila lita inayovuja imeshalipiwa uniti. Chukua mfano: kupandisha mita za ujazo 300 kwa siku kwenda urefu wa mita 80, kwa pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 50, kunahitaji uniti kama 130 kwa siku. Ikiwa asilimia 30 ya maji hayo yanapotea, mnatupa uniti 39 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kuzuia huo uvujaji kunafanya kazi sawa na kufunga kilowati 9 za paneli, na kunagharimu maboya, vali na fundi bomba mwenye bidii.

Namna ya kuujua ni rahisi. Wakati wa likizo, hosteli zikiwa tupu, soma mita ya bomba linalotoka tangi kuu saa nne usiku, kisha uisome tena saa kumi alfajiri. Hakuna anayeoga saa hizo. Kilichopita hapo ni uvujaji. Halafu mchana zunguka nyuma ya majengo. Mwezi Septemba, kila kitu kikiwa kimekauka na ardhi imekuwa rangi ya kahawia, ukiona kipande cha majani mabichi chini ya bomba la kumwagia maji yanayozidi kwenye tangi la hosteli, inua macho juu ya paa: boya la tangi limekwama na maji yanamwagika usiku kucha. Nimeona hosteli ambako hilo bomba la kumwagia lilikuwa limeota mwani wa kijani kutoka juu hadi chini, na watu wanapita hapo kila siku.

Baada ya hapo ndipo paneli, na za kwanza ziende kwenye pampu kabla ya jengo la utawala. Jua la Dodoma ni zuri: kilowati 1 ya paneli inazalisha uniti kama 1,600 kwa mwaka. Kwa mfano wetu wa uniti 130 kwa siku, kilowati 30 zinatosha kwa wastani wa mwaka, na mkishaziba mabomba zitatosha 21. Pampu haijali wingu likipita, na tangi likijaa mchana linawatunzia jua hadi usiku bila betri. Betri ndiyo sehemu ghali inayochoka mapema, kwa hiyo iachieni seva, maabara na zahanati. Paa la utawala lije baadaye, na kabla ya kununua chochote ongeeni na TANESCO kuhusu masharti ya kuunganisha mfumo wenu na gridi. Kwenye zabuni andikeni nani atazipangusa paneli. Kuanzia Juni hadi Novemba vumbi letu linafunika kioo haraka, na paneli yenye vumbi inapoteza sehemu ya umeme mliyoilipia. Zioshwe alfajiri kioo kikiwa cha baridi.

Viyoyozi vinahitaji aya yao, kwa sababu karibu kila chuo kinavisahau kwenye hesabu. Gesi iliyo ndani ya viyoyozi vingi, R-410A, ina nguvu ya kuongeza joto mara 2,088 kuliko hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kilo 1 ikivuja ni zaidi ya tani 2 za hewa ukaa, sawa na kuchoma lita 780 za dizeli kwenye jenereta. Sasa angalia kwenye majalada yenu ni mara ngapi fundi ameitwa "kujaza gesi" kwenye kiyoyozi kilekile. Kiyoyozi hakili gesi. Kikihitaji kujazwa, kinavuja. Msimlipe fundi anayejaza bila kuonyesha tundu alilolikuta na alivyoliziba, na msimruhusu afungulie gesi ya zamani hewani. Kila kilo iandikwe kwenye daftari, ndiyo itakayoingia wigo wa kwanza. Mkinunua vipya, R-32 ina nguvu ya 675, chini ya theluthi moja. Hata hivyo mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na usiku wetu ni wa baridi. Ofisi nyingi zingehitaji kiyoyozi saa chache tu kama madirisha yangefunguliwa usiku kwenye nondo zilizo salama na paa likapakwa rangi nyeupe.

Usafiri niupitie haraka. Gari la chuo linalokwenda Dar es Salaam na kurudi, kilomita 900 hivi, kwa kilomita 8 kwa lita, linachoma lita 112 za dizeli na kutoa kilo 300 za hewa ukaa, mara nyingi likiwa na dereva na abiria mmoja. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) inafika Dodoma tangu katikati ya 2024. Toeni waraka kwamba safari ya Dar ni ya treni, na anayetaka gari aandike sababu.

Miti. Naipenda, na chuo kisicho na kivuli Dodoma ni mateso kwa mwanafunzi. Lakini miti 10,000 haifidii chochote siku ya kupandwa. Mche unavuta hewa ukaa kidogo sana miaka ya mwanzo, na katika ukame wetu mingi hufa kabla haijafika mwaka wa tatu. Ukiwa unaimwagilia kwa maji ya pampu, unaongeza uniti ili upunguze tani. Tengeni kwanza sehemu ya ardhi ya chuo isiingie mifugo, mchague visiki hai vilivyopo na kupogoa machipukizi yabaki mawili au matatu yenye nguvu. Utaratibu huu wa Kisiki Hai umesambazwa vijijini mkoani humu na mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit. Mizizi iko chini tayari, haihitaji ndoo ya maji. Kwa kivuli cha njia na madarasa pandeni michache, mwarobaini na migunga, na mwagilieni kwa maji ya mabwawa ya majitaka yakishapimwa. Wapeni wanafunzi wa mazingira kazi ya kuhesabu iliyo hai baada ya viangazi viwili. Hiyo namba iwekwe kwenye ripoti kama miti, si kama tani za kutoa kwenye jumla.

Kikaoni peleka bajeti ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza: mita za majengo, mita ya tangi kuu, maboya na vali, ukaguzi wa viyoyozi, na sufuria mbili za presha za majaribio bwaloni. Mwaka wa pili: paneli za pampu, kwa ukubwa utakaojulikana baada ya mabomba kuzibwa. Omba pia Baraza likubali kwamba sehemu ya fedha itakayookolewa kwenye bili ibaki kwenye kitengo chako kwa ajili ya vipuri. Ikirudi yote kwenye mfuko mkuu, boya likiharibika mwezi Machi utakaa hadi Julai ukisubiri bajeti mpya, na maji yatakuwa yanamwagika muda wote huo.