Fundi, Hilo Neno la Kiholanzi Kwenye Boila Ni Nini?

SWALI: Shikamoo fundi, mimi niko Usa River, kazini tumeletewa boila used kutoka Uholanzi, sasa kitabu chake kila ukurasa kimeandika "appendages controleren", tumegugo tunaletewa habari za mikono na miguu, mbona hatuelewi? Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Controleren ni kukagua. Appendages kwa mafundi wa Kiholanzi ni vile vitu vyote vinavyofungwa kwenye boila au kwenye paipu na vyenyewe vinakula presha, yaani valvu za kufungia (wao wanaita afsluiter), valvu ya usalama inayoachia presha ikizidi (veiligheidsklep), geji ya presha, kile kioo cha kuonyesha maji yamefika wapi. Asili yake ni Kilatini, kuning'iniza kitu, ndo maana gugo inakupeleka kwenye viungo vya mwili. Hata sheria ya Ulaya ya vyombo vya presha ya 2014, ile inayohusu presha inayozidi bar 0.5 (bar ni kipimo cha presha), kwa Kiholanzi inatumia neno hilohilo.

Sasa hiyo valvu ya usalama ndo naomba muiangalie kwa macho mawili. Nilishakuta karakana moja Moshi wameifunga waya wa binding eti inavuja, kutu imeshika springi mpaka haisogei kabisa, na boila inawaka! Ikivuja zima moto, presha ishuke mpaka sifuri, kisha badilisha, iwe ya presha isiyozidi ile iliyogongwa kwenye kibati cha boila, na usiweke koki kati yake na boila.